Kazi Unayoipenda au Kazi Inayolipa Zaidi: Mwongozo Kamili kwa Mfanyakazi wa Unguja na Pemba

Visiwani kwetu mtihani huu huja kwa sura chache tunazozijua. Mwalimu wa skuli ya serikali Wete ameitwa kazi ya mapokezi katika hoteli ya Kiwengwa. Muuguzi wa Mnazi Mmoja amepata wa kumpeleka Muscat. Fundi wa kuchonga milango Mji Mkongwe ametakiwa akasimamie ujenzi wa nyumba za wageni Paje. Mpiga fidla wa taarabu ameitwa kwenye ukarani wa benki. Kila mmoja wao anaipenda kazi aliyonayo, na kila mmoja ametajiwa mshahara unaoupita anaoupata.

Wa kuwashauri hawakosekani. Barazani wataambiwa riziki haipigwi teke. Nyumbani wataambiwa kazi ya serikali haiachwi. Yote mawili husemwa kwa nia njema, na yote mawili husemwa na mtu asiyeijua hesabu ya mwenye kuamua.

Msimamo wangu ni huu: mshahara haujulikani ukubwa wake mpaka upigiwe hesabu ya mwaka mzima, pamoja na mahali utakapolala na watu utakaowaacha. Na kazi ya moyo nayo lazima ihojiwe kwa ukali uleule. Chukua daftari na kalamu, kwa sababu hatua nyingi zilizo hapa chini ni za kuandika.

Hatua ya 1: Pata ahadi kwa maandishi

Habari za kazi huku husafiri kwa mdomo. "Fulani pale hotelini anatia mfukoni milioni." Inawezekana ni kweli, lakini mara nyingi kiasi kinachotajwa ni cha mwezi wa Agosti, hoteli imejaa, bakshishi ndani yake. Usiamue juu ya mwezi bora wa mtu mwingine. Omba barua ya ajira au rasimu ya mkataba, kaa nayo usiku mmoja, isome neno kwa neno.

Jambo moja wengi hawalijui: kazi na ajira si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria zake, ikiwemo Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005. Kwa hiyo ndugu yako wa Dar es Salaam anapokwambia "sheria inasema hivi", huenda anazungumzia sheria ya kwao. Ukikwama, nenda ofisi ya Kamisheni ya Kazi ukaulize. Ni haki yako, na ni bora kuuliza kabla ya kusaini kuliko kulalamika baadaye.

Yatafute haya ndani ya mkataba, na lisilokuwemo liulize:

- Mshahara uliotajwa ni ghafi au ni ule unaoingia mkononi baada ya makato?
- Mkataba ni wa kudumu, wa muda maalumu au wa msimu? Muda wa majaribio ni miezi mingapi?
- Aprili na Mei inakuwaje? Mshahara kamili, nusu, au "nenda nyumbani tutakuita"?
- Sevisi chaji, ile asilimia anayotozwa mgeni juu ya bili yake, inagawiwa vipi, na imeandikwa?
- Mwajiri anachangia Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, kwa mshahara wote au kwa sehemu yake tu?
- Chakula, malazi na gari ya wafanyakazi vipo? Gari inaishia wapi, na saa ngapi?
- Siku ya mapumziko ni moja kwa wiki? Likizo ya mwaka inalipwa?

Suala la ZSSF lishikilie. Mwajiri akikwambia mshahara mkubwa "bila makato", maana yake anakupa leo pesa yako ya uzeeni, na sehemu yake yeye aliyotakiwa akuongezee hatoi kabisa. Hesabu hiyo haionekani ukiwa na miaka ishirini na sita, lakini ipo.

Anayekwenda Oman au Dubai aongeze uangalifu mara mbili. Apite kwa wakala mwenye leseni, mkataba ukaguliwe na ofisi ya kazi kabla hajasafiri, nakala moja abaki nayo mtu wa nyumbani, na hati ya kusafiria isitoke mikononi mwake kirahisi. Mkataba ulioandikwa kwa Kiarabu au Kiingereza tu, nawe huusomi vizuri, usiutie saini mpaka upate wa kukufasiria asiye na faida katika safari yako.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mwaka, mwezi hudanganya

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tumchukue yule mwalimu wa Wete. Tarakimu ni za mfano; ziondoe utie zako. Mshahara unaoingia mkononi ni shilingi 450,000. Analala kwao. Jioni anafundisha tuisheni, inampa 80,000 kwa mwezi kwa miezi 9 ya masomo. Nauli ya kwenda skuli ni 40,000 kwa mwezi, miezi 10.

Mshahara wa mwaka ni 5,400,000. Tuisheni ni 720,000. Jumla 6,120,000. Toa nauli 400,000, inabaki 5,720,000.

Hoteli ya Kiwengwa inampa 600,000 mkononi. Sevisi chaji na bakshishi tuzikadirie 200,000 kwa miezi 7 ya wageni. Katika miezi miwili ya masika hoteli inalipa nusu.

Mshahara kamili wa miezi 10 ni 6,000,000. Nusu mshahara wa miezi 2 ni 600,000. Nyongeza za msimu ni 1,400,000. Jumla 8,000,000. Hadi hapa hoteli imeshinda kwa karibu milioni mbili, na wengi hesabu yao huishia hapa.

Endelea. Chumba cha kupanga 100,000 kwa mwezi, mwaka 1,200,000. Hoteli inampa mlo wa zamu tu, kwa hiyo chakula kilichobaki na matumizi ya kuishi peke yake tuseme 90,000, mwaka 1,080,000. Kurudi Pemba mara 4, boti na gari kwenda na kurudi 100,000 kila safari, jumla 400,000. Mama yake ni mtu mzima. Kazi alizokuwa akimfanyia, za maji, dawa na kumpeleka hospitali, sasa analipwa kijana wa jirani 60,000 kwa mwezi, mwaka 720,000. Gharama zote ni 3,400,000. Kinachobaki ni 4,600,000.

Chakula cha nyumbani Wete sikukitoa, kwa sababu kapu la nyumba ile litanunuliwa, awepo asiwepo. Ukiona wewe kwako si hivyo, kitoe.

Kwa hiyo mwalimu huyu angehama ili abakiwe na pungufu ya shilingi 1,120,000 kwa mwaka, na angedhani amepandishwa.

Sasa mchukue mwalimu mwengine, mwenye mshahara uleule, lakini kwao ni Kiwengwa kwenyewe. Hapangi chumba, hapandi boti, mama yake anamwona kila siku, chakula anakula nyumbani. Nauli tuseme 300,000 kwa mwaka. Kwake hoteli ileile inaacha 7,700,000. Tofauti ya hapo na ualimu ni karibu milioni mbili safi, na hiyo ni pesa ya kuezekea nyumba.

Hoteli ni moja, mkataba ni mmoja, majibu mawili. Ndiyo maana ushauri wa "hoteli ina pesa" au "hoteli haina kitu" haukusaidii. Muulize mshauri wako analala wapi.

Ukimaliza hesabu ya shilingi, fanya na ya saa. Andika saa ya kutoka nyumbani na saa ya kurudi, pamoja na kusubiri gari ya shamba barabarani. Zidisha kwa siku za kazi. Kisha gawa pesa inayobaki kwa saa hizo. Mtu anayeishi Fuoni na kufanya kazi Nungwi hutumia barabarani saa ambazo mwajiri hazilipi, na saa hizo ndizo zilizokuwa za tuisheni, za bustani, za kumsomesha mtoto wake Kurani.

Hatua ya 3: Pima hatari

Utalii ni nguzo ya uchumi wa Zanzibar, lakini ni kazi inayotegemea mambo yaliyo mbali na sisi. Machi 2020, corona ilipoingia, ndege za watalii zilisimama, hoteli zilifungwa, na maelfu ya vijana walirudi majumbani bila mshahara. Walimu na wauguzi wa serikali waliendelea kulipwa. Kabla ya hapo, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikosa umeme kwa miezi mitatu baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme inayotoka Bara kupitia chini ya bahari. Hoteli ndogo zisizokuwa na uwezo wa kuchoma dizeli usiku na mchana ziliumia sana.

Sisemi hili ili kukutisha na hoteli. Wageni walirudi, na walirudi kwa wingi. Ninachosema ni kwamba anayeingia katika kazi ya msimu anahitaji akiba ambayo mwenye mshahara wa kudumu anaweza kuishi bila ya hiyo. Kiasi ninachokiona cha haki ni matumizi ya miezi 3 ya nyumba yako: miwili ya masika na mmoja wa dharura. Kama mshahara mpya hauwezi kukujengea akiba hiyo ndani ya mwaka wa kwanza, basi si mkubwa kama ulivyoambiwa.

Hatua ya 4: Jua kiwango chako cha kutosha

Andika kila kinachotoka kwa mwezi bila aibu: chakula, umeme, ada, dawa, mchango wa harusi na maziko, pesa ya wazee, mchezo wa upatu unaocheza na wenzako, deni la dukani. Ongeza makato ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu kama ulisomeshwa, na mkopo wa benki kama unao. Jumla hiyo ndiyo kiwango chako cha kutosha.

Kama kazi unayoipenda inakifikia kiwango hicho, unayo hiari ya kweli, na nakusihi usiitupe kwa ajili ya tofauti ndogo. Shilingi 70,000 zaidi kwa mwezi hazimfidii mtu anayeamka kila siku na uzito wa kwenda kazini.

Kama haikifikii, hali ni nyengine, na sitaki kukudanganya kwa maneno matamu ya kufuata ndoto. Kulisha walio chini yako ni wajibu. Mtoto akilala na homa, mapenzi yako kwa taarabu hayanunui dawa. Wahenga waliposema kazi mbi si mchezo mwema waliijua hali hii. Hapo nenda kwenye pesa, lakini nenda kwa mpango ulioelezwa katika hatua ya 8, usiende kama mtu aliyezika kitu.

Mkopo wa benki uangalie peke yake. Mikopo mingi ya wafanyakazi hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara kwa mwajiri uliyenaye. Ukihama, benki itataka kujua deni litalipwa vipi, na pengine itataka mwajiri mpya aweke saini. Nenda kaulize tawini kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Watu wamekwama hapa wakiwa tayari wameshaaga.

Hatua ya 5: Ihoji kazi ya moyo

Mtu akisema "naipenda kazi yangu" huenda anasema mambo matatu tofauti. Anaweza kuwa anaipenda kazi yenyewe. Anaweza kuwa anapenda heshima ya jina, kuitwa mwalimu au daktari njia nzima kutoka nyumbani hadi sokoni. Au anaweza kuwa anaogopa kuondoka, na hofu ameivika nguo za mapenzi.

Kwa wiki mbili, kila usiku kabla ya kulala, andika mistari miwili: leo saa ipi ilipita bila kuiona, na leo saa ipi niliihesabu dakika zake. Andika kazi, usiandike watu. Baada ya wiki mbili soma yote pamoja.

Mwalimu mmoja ataona kwamba saa zake nzuri zote zilikuwa darasani, mtoto aliyekuwa haelewi akaelewa. Huyo ni mwalimu. Akienda mapokezi atapoteza kitu ambacho mshahara haukirudishi. Mwengine ataona kwamba saa zake nzuri zilikuwa za kuandaa sherehe za skuli, kupanga watu, kuongea na wageni waliotembelea. Huyu huenda anaipenda kazi ya hoteli bila ya kujijua.

Na hapa niliseme jambo ambalo linaniuma. Tumezoea kuzungumza kana kwamba hoteli ni ya pesa na skuli ni ya moyo. Si kweli. Kuna mpishi Matemwe aliyeanza kwa kuosha vyombo na leo anatunga vyakula vya pweza na nazi kwa ufahamu wa mtu aliyesomea. Kuna wapigambizi wanaoyajua matumbawe ya Mnemba kama wengine wanavyoyajua majina ya jamaa zao. Hao wako kwenye kazi ya moyo. Na kuna mtu ofisini, kazi ya kudumu, ambaye kila saa nane mchana anaiangalia saa ya ukutani. Usiipime kazi kwa jengo lake.

Vivyo hivyo kwa sanaa na ufundi. Dhow Countries Music Academy, chuo chetu cha muziki, inafundisha taarabu na kupiga ala za udi, kanuni na fidla tangu mwaka 2002, na waliopita pale wengine wanapiga katika hoteli hizohizo zinazosemwa kuwa adui wa moyo. Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na majengo yake yanahitaji mikono inayojua chokaa na mbao. Fundi mchongaji asihesabu tu mteja aliyenaye leo, ahesabu pia ni watu wangapi waliobaki wanaoweza kufanya anachofanya yeye. Ujuzi unaopungua mitaani huwa na bei kwa anayejua kuutafutia mteja.

Hatua ya 6: Dini, nyumba na shauri

Kwetu huwezi kuamua kazi bila ya kuyapitia haya, na ni bora uyapitie kabla ya kusaini.

Pombe ndiyo swali la kwanza kwa Muislamu anayeingia hotelini. Idara hazifanani: bustani, uhasibu, dobi, matengenezo na usafi wa vyumba si sawa na baa. Uliza waziwazi utapangwa wapi na kama unaweza kuhamishwa bila ya kuulizwa. Uliza kuhusu swala ya Ijumaa na zamu za Ramadhani. Mwajiri mzuri hakasiriki kuulizwa, amezoea. Kama jibu halikuridhishi na roho yako haitulii, mwulize shekhe unayemwamini, mpe na maelezo ya kazi yenyewe, usimwambie "hoteli" tu.

Mwanamke aulize zaidi: zamu ya usiku inaisha saa ngapi, gari inamfikisha mlangoni au inamwacha barabara kuu, na nani anashughulikia malalamiko akisumbuliwa na mgeni au mkubwa wake.

Nyumbani, nenda kwa adabu ya kutaka shauri, hata kama umeshaelemea upande mmoja. "Baba, nimekuja kutaka shauri yako. Nimepata kazi, hesabu zake ni hizi, wasiwasi wangu ni huu." Mtu mzima aliyeshirikishwa mapema hukutetea mbele ya wengine, aliyesikia kwa jirani huudhika, na hapo uamuzi mzuri unakuwa ugomvi. Mume na mke wakae na daftari lililofunguliwa, wote wawili wakiiona hesabu. Kama ni mke ndiye anayehama au anayerudi usiku, wakubaliane nani atawapokea watoto, na makubaliano hayo yawe ya saa na majina. "Tutasaidiana" peke yake haitoshi.

Kisha swali istikhara. Rakaa mbili za sunna na dua yake, ukimwomba Mwenyezi Mungu akuwezeshe lenye kheri kwako katika dini yako na maisha yako, na akuepushe lililo shari. Wengi hukaa wakingojea ndoto, wiki inapita, nafasi inapita. Istikhara haikushurutisha kuota. Ifanye baada ya kupiga hesabu na kutaka shauri, kisha endelea na jambo ulilolielekea ukiangalia kama njia inafunguka.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kuhama

Kama unaweza kutumia likizo yako kufanya kazi ile mpya kwa wiki mbili au tatu, fanya, baada ya kuhakikisha mkataba wako wa sasa haukukatazi. Likizo ya skuli ikiangukia msimu wa wageni ni nafasi nzuri.

Kama huwezi, nenda ukaone. Usiende mchana kwenye mapokezi yenye maua. Nenda saa tatu usiku kwenye mlango wa nyuma, wafanyakazi wanapotoka. Waangalie wanavyotoka. Zungumza na watu wawili waliopo na watu wawili walioacha; walioacha ndio watakaokwambia kama sevisi chaji ililipwa kweli na kama mkataba uliheshimiwa wakati wa masika.

Aliye serikalini asiondoke kimyakimya akijaribu huku jina lipo kwenye orodha ya mishahara. Huo ni utoro, na unaweza kukufungia mlango wa kurudi. Omba likizo bila malipo kwa barua kupitia kwa mkuu wako, ngojea jibu la maandishi, weka nakala. Jibu likiwa hapana, unajua unachokiacha.

Hatua ya 8: Tafuta njia ya kati, na iwekee mwisho

Watu wengi ninaoona wametulia hawakuchagua upande mmoja kabisa. Mwalimu wa lugha anabaki skuli na msimu wa Julai hadi Septemba anatembeza wageni jioni, akiwa na kibali kinachotakiwa. Mwanamke wa Jambiani analima mwani, kilimo kilichoshika pwani ya mashariki tangu 1989, kisha sehemu ya mavuno anaitengeneza sabuni badala ya kuiuza yote ikiwa imekaushwa tu. Fundi anachukua kazi kubwa ya ujenzi miezi minne, anarudi kwenye karakana yake akiwa na mbao za mwaka.

Njia nyengine ni kwenda kwenye pesa kwa muda. Hii inataka nidhamu kuliko zote. Andika kitu kimoja unachokifuata, kiasi chake, na tarehe ya kurudi. "Naenda Kiwengwa hadi Juni 2028, au nitakapomaliza paa na kulipa deni la benki, lolote litakalotangulia." Mpe karatasi hiyo mtu unayemheshimu aiweke. Bila ya tarehe, matumizi hupanda pamoja na mshahara: simu mpya, pikipiki ya mkopo, mchango mkubwa zaidi kwa kila harusi kwa sababu sasa "una kazi". Baada ya miaka mitano mtu hawezi tena kurudi kwenye kazi aliyoipenda, na deni ndilo linalomzuia.

Wakati huo usiuache ujuzi wako ufe. Mwalimu afundishe hata madarasa mawili ya wikiendi. Mpiga fidla asikose mazoezi ya kikundi. Muuguzi ahakikishe usajili wake wa taaluma hauishi muda.

Hatua ya 9: Zungumza na pande zote mbili

Kabla ya kukataa au kukubali, omba. Kwa mwajiri mpya: "Nashukuru kwa nafasi hii na ningependa kufanya kazi nanyi. Kwa kuwa natoka Pemba, naomba tuangalie malazi, na utaratibu wa Aprili na Mei uandikwe kwenye mkataba." Omba mambo mawili, yasizidi matatu, na anza na lile litakalobadilisha hesabu yako ya mwaka. Kwa mwalimu wetu wa Wete, chumba cha bure kina thamani ya 1,200,000, kinapindua jibu zima. Nyongeza ya 30,000 kwenye mshahara haipindui.

Kwa mwajiri wa sasa pia kuna la kuomba, hata kama mshahara wenyewe umepangwa na serikali: uhamisho karibu na nyumbani, nafasi ya kwenda kusoma, kupunguziwa vipindi, kufundisha somo ulilosomea. Wakati mwengine kinachomsukuma mtu nje si mshahara, ni masafa ya Makunduchi kila alfajiri, na hilo lina dawa nyengine.

Hatua ya 10: Ondoka vizuri, kisha jikague

Ukiamua kuhama, toa taarifa kwa maandishi kwa muda uliotajwa kwenye mkataba wako. Kabidhi vitu kwa orodha iliyosainiwa. Chukua barua ya kuthibitisha utumishi na taarifa ya michango yako ya ZSSF, uone kama miezi yote imeingia. Ni rahisi kufuatilia pengo ukiwa bado kazini kuliko baada ya miaka kumi. Wakubwa wa leo utakutana nao tena mazikoni, harusini na kwenye usaili mwengine.

Ukiamua kubaki, waambie waliokuita mapema na kwa shukrani, na uwaachie namba yako.

Kwa vyovyote vile, baada ya miezi mitatu fungua lile daftari. Linganisha pesa iliyobaki kweli na ile uliyoikadiria. Andika tena mistari miwili ya usiku kwa wiki moja. Muulize mwenzako wa nyumbani swali moja: tangu nianze, nyumba hii imepata nini na imekosa nini? Kama pesa imepungua kuliko hesabu na saa nzuri zimekwisha, anza kutafuta wakati bado una mshahara, na wakati waliokuwa wakubwa wako bado wanakumbuka ulivyowaaga. Kama pesa ipo na saa nzuri zinaongezeka, ongeza akiba ya masika kwanza, kabla ya kununua chochote kipya.